Katiba mpya Tanzania: tuisome kwanza ibara ya 98, ndipo tujue imekwama wapi

Mwanaibara (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mjadala wa katiba mpya huishia kwenye "hakuna utashi wa kisiasa". Utashi unahitajika, sikatai. Lakini hata ukipatikana kesho asubuhi utakutana na kufuli lililomo ndani ya Katiba ya 1977 yenyewe, ibara ya 98, na wengi wanaochangia mada hii hawajawahi kulitazama.

Ibara hiyo inagawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza, 98(1)(a), ni masharti ya kawaida ya katiba. Muswada wa kuyabadili unapita ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote; nasisitiza wote, hata wasiokuwa ukumbini siku hiyo. Fungu la pili, 98(1)(b), ni mambo yaliyotajwa kwenye Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili. Haya yanataka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara, na kwa hesabu ya peke yake theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Ni mambo manane: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, kuwapo kwa ofisi ya Rais wa Muungano, madaraka ya Serikali ya Muungano, kuwapo kwa Bunge, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar.

Sasa angalieni kilichoko nje ya orodha hiyo. Matokeo ya urais kutopingwa mahakamani, ibara ya 41(7). Uteuzi wa Tume ya Uchaguzi, ibara ya 74. Sharti la mgombea kuwa mwanachama wa chama, ibara za 39 na 67. Yote haya ni fungu la kwanza. Muundo wa Muungano ndio uko fungu la pili.

Mchakato wa 2011 hadi 2015 uliyafunga yote pamoja. Tume ya Jaji Warioba ilianza kazi Mei 2012, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba 2013. Rasimu ya pili ilipendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar) badala ya mbili za sasa, na kupunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7. Bunge Maalum likafunguliwa Dodoma Februari 18, 2014, likiwa na wabunge wote, wawakilishi wote wa Zanzibar na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais, na rasimu ilitakiwa ipite kwa theluthi mbili ya kila upande. Aprili 16 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka. Kilichowatoa kilikuwa hasa idadi ya serikali na namna rasimu ya Tume ilivyokuwa ikiwekwa kando.

Kinachouma ni hiki. Mgombea binafsi na haki ya kupinga matokeo ya urais vilikuwemo kwenye rasimu ya Warioba, na vikabaki kwenye Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa Oktoba 2, 2014 na Bunge ambalo UKAWA walikuwa wamelisusa. Yaani pande mbili zilizogombana zilikuwa zimeandika jambo lile lile. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililo sheria leo, kwa sababu yalisafiri kwenye gari moja na suala la serikali mbili au tatu. Kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mfumo wa BVR (wa alama za vidole) haukuwa umekamilika, na hadi leo haijapigwa.

Hoja yangu: tutenganishe. Ya uchaguzi yapite kwa 98(1)(a) sasa hivi, na ya Muungano yapewe mchakato wake. Naomba kuwasilisha.

Mto Wami

Mkuu Mwanaibara, swali. Orodha ya Pili inataja ofisi ya Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 41 ni uchaguzi wa huyo huyo Rais. Huoni mwanasheria wa serikali atasimama aseme hilo nalo linataka theluthi mbili mbili?

Mwanaibara

Mto Wami, swali zuri sana. Maneno ya orodha ni *kuwapo* kwa ofisi. Jinsi ya kumpata mwenye ofisi ni jambo jingine. Na tuna mfano: Mabadiliko ya 13 ya mwaka 2000 yaligusa ibara ya 41 hiyo hiyo. Kabla yake mshindi wa urais alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura halali. Baada yake anatosha kuwazidi wenzake. Kama kanuni ya ushindi ilibadilishwa bila ofisi ya Rais kuguswa, kuruhusu ushindi huo ukaguliwe na mahakama hakuwezi kuwa kuifuta ofisi.

Njia yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kamati inayoshughulikia katiba na sheria ambako wadau wanasikilizwa, unarudi kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima inaupitia kifungu kwa kifungu, kisha kura ya theluthi mbili na saini ya Rais. Katiba ya 1977 haidai kura ya maoni kwa mabadiliko yoyote. Imeshabadilishwa mara 14 hadi 2005, na hakuna hata mara moja mwananchi alipoulizwa sanduku la kura.

Darajani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sheikh Mwanaibara, sehemu ya kwanza nakuunga mkono. Ya pili, ya "Muungano upewe mchakato wake", ngoja nikuoneshe ugumu wake kutokea huku Visiwani, maana habari ya katiba na utulivu Zanzibar imeshafanyiwa majaribio kuliko mahali pengine popote nchini.

CCM na chama cha upinzani CUF walitia saini Muafaka wa kwanza 1999. Ukafa, kwa sababu ulikuwa makubaliano ya vyama viwili tu. Hakuna mahakama ungeipelekea ukivunjwa. Ukaja uchaguzi wa 2000, kisha mauaji ya Januari 2001, wakimbizi wakavuka hadi Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili, Oktoba 2001, ulikuwa na mambo mazuri zaidi, ikiwemo kurekebisha Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC) na daftari la wapiga kura, ila mgao wa serikali haukuandikwa kwenye katiba. Mazungumzo ya tatu yakakwama 2008, pale Butiama, CCM iliposema wananchi waulizwe kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF, kwa sababu safari hii waliyaingiza kwenye katiba. Kura ya maoni ilipigwa Julai 31, 2010, waliosema ndiyo wakawa asilimia 66.4, na Mabadiliko ya 10 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 yakaandika mambo haya: muundo wa serikali ni wa umoja wa kitaifa (ibara ya 9), Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili katika urais (ibara ya 39), na uwaziri unagawiwa kwa kuzingatia uwiano wa viti vya majimbo (ibara ya 42). Halafu wakaweka ibara ya 80A, kwamba masharti ya msingi hayaguswi bila kura ya maoni. Uchaguzi wa Oktoba 2010 Dkt. Shein wa CCM alimshinda Maalim kwa tofauti ndogo mno, na mitaa ikatulia. Aliyeshindwa alikuwa na pa kwenda kesho yake asubuhi.

Lakini tazameni ulipovunjika. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa ZEC alifuta uchaguzi mzima. CUF wakasusia marudio ya Machi 20, 2016. Ibara ya 39 inasema wa pili asipofikisha asilimia 10 ya kura za urais, nafasi inakwenda chama cha upinzani chenye viti vingi vya majimbo Barazani (Baraza la Wawakilishi la Zanzibar). Machi 2016 hakuna mpinzani aliyefika asilimia 10, wala hakuna aliyepata jimbo. Kiti kikabaki kitupu hadi Desemba 2020, Maalim alipoapishwa kupitia ACT-Wazalendo. Waandishi wa Mabadiliko ya 10 walipanga kila kitu kuhusu nani anagawana serikali. Kuhusu nani ana mamlaka ya kufuta uchaguzi, kwa sababu gani na ndani ya siku ngapi, hawakuandika kitu. Ndiyo maana nasema ukishughulikia mgao wa madaraka ukaacha usimamizi wa kura, umejenga juu ya mchanga.

Na sasa ugumu niliotaja. Mabadiliko yale yale ya 2010 yaliandika kwamba Zanzibar ni nchi, miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Kuna ibara ya 2A pia, inayompa Rais wa Zanzibar mamlaka ya kuigawa mikoa. Ibara ya 2(2) ya Muungano imeliweka jambo hilo mikononi mwa Rais wa Muungano kwa kushauriana naye. Katiba mbili zinagongana, na hakuna aliyezikalisha pamoja. Ukisema suala la Muungano lisubiri, ujue linasubiri likiwa wazi.

Nyali Mashariki

Hamjambo nyote. Nachangia kutoka Kenya, kwa yale yanayofanana.

Sisi rasimu yetu iliangushwa kwenye kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, na miaka miwili baadaye uchaguzi ukatumwagia damu. Mchakato uliofaulu baada ya hapo ulitofautiana kwa jambo moja la kiufundi ambalo naona linaihusu hoja ya mleta uzi. Sheria ya 2008 iliunda Kamati ya Wataalamu, watu tisa, sita Wakenya na watatu wa kigeni. Kazi yao haikuwa kuanza upya. Walichukua rasimu zilizokuwepo wakatenga yaliyokwisha kukubaliwa na yenye utata. Yenye utata wakayakuta matatu tu: mfumo wa serikali kuu, ugatuzi, na kipindi cha mpito. Hayo matatu ndiyo yaliyojadiliwa na wanasiasa kule Naivasha, Januari 2010. Rasimu ilipofika Bunge mnamo Aprili, mapendekezo ya kuibadilisha yalikuwa zaidi ya 100 na hakuna lililopata kura za kutosha. Agosti 4 wananchi wakaipitisha kwa takriban asilimia 67.

Kwa hivyo nyinyi mna nyaraka mbili tayari, rasimu ya Warioba na Katiba Inayopendekezwa. Ziwekwe sambamba, kifungu kwa kifungu. Mtashangaa orodha ya utata itakavyokuwa fupi.

Mto Wami

Nyali Mashariki, umetusaidia. Ila hapa kwetu Sura ya 83, yaani Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, haina mlango huo. Tume ya Warioba ilivunjwa Machi 2014 mara tu rasimu ilipowasilishwa, kwa hiyo walioandika hawakuwepo kuitetea, na Bunge Maalum lilipomaliza nalo likaisha. Hatua pekee iliyobaki kwenye sheria ni kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa kama ilivyo, na ili ipite inataka zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Anayetaka kamati ya wataalamu lazima kwanza airekebishe Sura ya 83. Hiyo ni sheria ya kawaida, wingi wa kawaida wa Bunge unatosha.

Wanaosema "turudi kura ya maoni tu tumalize" wafikirie matokeo yake. Ikikataliwa Zanzibar na kukubaliwa Bara, au kinyume chake, utakuwa umeweka kwenye takwimu mgawanyiko ambao leo ni wa maneno tu.

Karani Mstaafu

Wakuu, nimefuatilia kimya, niingie kwenye maandishi yenyewe maana hapo ndipo watu huteleza. Wengi wakisema "futeni 41(7)" wanadhani kazi imeisha. Haijaisha.

Kwanza, ibara ya 74(12) inasema hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na Tume ya Uchaguzi katika kutekeleza madaraka yake. Ukiifuta 41(7) ukaiacha hii, wakili wa upande wa pili atasimama siku ya kwanza na kusema kutangaza matokeo ni kazi ya Tume, na mahakama imefungwa mikono. Zote mbili zitoke pamoja.

Pili, ibara ya 42 inamtaka Rais mteule aapishwe mapema iwezekanavyo na kwa vyovyote kabla ya siku saba kupita. Mwaka 2025 matokeo yalitangazwa Novemba 1 na kiapo kikaliwa Novemba 3. Ukiruhusu kesi bila kugusa 42, mahakama itakuwa inasikiliza shauri la mtu ambaye tayari ni Amiri Jeshi Mkuu, na ana kinga ya ibara ya 46. Kenya walilitazama hili: kesi ndani ya siku 7, hukumu ndani ya siku 14, na kiapo kinasubiri. Ndiyo maana Septemba 1, 2017 mahakama yao iliweza kubatilisha uchaguzi wa urais na nchi ikabaki na serikali ya mpito inayojulikana mipaka yake.

Tatu, mahakama ipi? Kwetu hakuna Mahakama ya Juu. Ilikuwemo kwenye rasimu zilizokwama. Kwa sasa ni Mahakama ya Rufani isikilize moja kwa moja, na hilo liandikwe wazi, maana mamlaka yake ya kawaida ni ya rufaa.

Nne, ibara ya 74(1). Sheria Na. 2 ya 2024 iliiita Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na kuleta kamati ya usaili. Ni hatua. Lakini katiba bado inasema wajumbe wanateuliwa na Rais, na sheria haiwezi kuizidi katiba. Usaili unaweza kuondolewa kwa muswada wa kawaida siku yoyote. Utaratibu wa uteuzi uingizwe kwenye 74 yenyewe, pamoja na jinsi ya kumwondoa mjumbe.

Tano, mgombea binafsi. Huku ndiko mahakama zimeshasema zaidi. Mahakama Kuu ilimruhusu 1994, Bunge likabadili katiba mwaka huo huo. Mahakama Kuu ikarudia 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha hapa hapa, ikaona zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Mahakama hiyo hiyo Julai 2020 ikasema hivyo kuhusu 41(7). Kwa hiyo njia ya kesi imeshatembewa hadi mwisho. Kilichobaki ni muswada.

Mto Wami

Karani, shikamoo. Umemaliza upande wa maandishi. Wasiwasi wangu ni wa kisiasa. Tulishapewa kipande tukaambiwa ni mkate. Tume ya Jaji Nyalali ilipendekeza mambo mengi: vyama vingi, sheria 40 kandamizi zifutwe au zirekebishwe, serikali tatu, katiba mpya. Tukapata Mabadiliko ya Nane ya 1992, vyama vingi vikaruhusiwa, mengi yaliyobaki yakawekwa kabatini. Katiba iliyoandikwa kwa ajili ya chama kimoja ikaendelea kusimamia vyama vingi, na Rais akabaki na madaraka yale yale ya uteuzi. Kamati ya Jaji Kisanga nayo ikapendekeza serikali tatu 1999, ikakataliwa. Warioba 2013, vivyo hivyo. Tume tatu, zote zimeteuliwa na marais, zote zimefika mahali pamoja. Ukitoa marekebisho ya uchaguzi leo, nani atakuwa na sababu ya kurudi kwenye Muungano kesho?

Darajani

Hapo ndipo na mimi nilipo.

Mwanaibara

Mto Wami, Darajani, nimeisoma hoja hiyo mara mbili na ina uzito. Kosa la 1992 nalionaje: mabadiliko yalipita bila kuambatana na wajibu wowote wa tarehe. Dawa yake ni masharti ya mpito ndani ya muswada huo huo: tarehe ya kurekebisha Sura ya 83, tarehe ya kamati ya wataalamu kuanza, tarehe ya kutoa orodha ya yenye utata, na mwananchi apewe haki ya kwenda Mahakama Kuu tarehe ikipita.

Ila sitaki kuficha upande wa pili. Tukisubiri katiba nzima ndipo tuguse uchaguzi, tunajua gharama. Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, watu waliingia barabarani, roho zilipotea, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikazimwa nchi nzima. Mtu aliyeamini kura imeharibiwa hakuwa na mlango wowote halali wa kugonga kuhusu urais. 41(7) ilikuwa imeufunga kabla hajaamka. Siwezi kumwambia asubiri tuelewane kwanza kuhusu mambo 22 ya Muungano.

Nyali Mashariki

Ndugu Mwanaibara, tarehe ndani ya katiba zinasaidia lakini msiziamini peke yake. Katiba yetu, Kifungu cha 261, iliweka ratiba ya sheria kwa Bunge, na adhabu kali: Bunge likishindwa, Jaji Mkuu anamshauri Rais alivunje. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga alitoa ushauri huo kwa sababu ya kanuni ya theluthi mbili ya jinsia. Bunge halikuvunjwa. Lililofanya kazi kwetu zaidi ni pale sheria ilipoeleza kitakachotokea chenyewe iwapo tarehe itapita, bila kumsubiri kiongozi kutia saini.

Karani Mstaafu

Marahaba Mto Wami. Na Nyali Mashariki amesema kweli, kwa hiyo tuandike hivyo. Mfano: "Iwapo kamati haitakuwa imeteuliwa ifikapo tarehe hiyo, wanaoshika nyadhifa zifuatazo watakuwa wajumbe wake kuanzia siku inayofuata", kisha nyadhifa zitajwe: majaji wastaafu wa ngazi fulani kutoka kila upande wa Muungano, wenyeviti wa vyama vya wanasheria vya Bara na Zanzibar, na kadhalika. Idadi iwe sawa kwa sawa, kama Tume ya Warioba ilivyokuwa na 15 kwa 15.

Kuhusu kalenda: serikali za mitaa ni 2029, uchaguzi mkuu 2030. Tume mpya inahitaji muda wa kuajiri wasimamizi wake. Mahakama ya Afrika ilishasema Juni 2023 kuhusu wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi, na kuwabadilisha majimbo yote si kazi ya miezi mitatu. Muswada wa 41, 42, 74, 39 na 67 ukipita mwishoni mwa 2027, daftari na wasimamizi vinapata 2028 yote. Ukipita 2029 utafanana na BVR ya 2015: sheria ipo, vifaa havijafika, tarehe inaahirishwa.

Darajani

Basi ongezeni moja kwenye rasimu yenu: kifungu kinachosema nani anaweza kufuta uchaguzi, na kwamba si mwenyekiti peke yake. Kwa ZEC hilo litaingia kwenye Katiba ya Zanzibar kupitia Barazani, na kama litagusa masharti yaliyotajwa na 80A, litataka kura ya maoni huku. Hesabuni muda huo pia.